Rubani wa Caravan ahamie ndege kubwa lini? Tujadili

Kamwene wakuu. Wiki iliyopita pale uwanja wa ndege wa Nduli, Iringa, kijana wetu mmoja wa Mafinga alinivuta pembeni akaniomba ushauri. Anarusha Cessna Caravan, ndege ndogo ya rubani mmoja, anapeleka watalii hifadhi ya Ruaha, na anakaa kiti cha kushoto. Yaani kapteni ni yeye. Ana saa 1,100 za kuruka. Sasa ameitwa akawe rubani msaidizi kwenye Dash 8, ndege kubwa zaidi ya abiria yenye marubani wawili. Mama yake anamwambia aende kesho asubuhi. Mwajiri wake anamwomba abaki, kwa kuwa ndiye aliyemwajiri akiwa na saa 200 tu na leseni mbichi.

Nilirusha ndege ndogo miaka mingi, na msimamo wangu ni huu: aende. Ila si kwa sababu ndege ile ni kubwa au sare yake inapendeza.

Leseni ya juu ya urubani, ATPL, ile ya ukapteni wa ndege kubwa, kwa kiwango cha ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) inataka saa 1,500. Watu wengi huishia kwenye hesabu hiyo. Ndani yake zinatakiwa pia saa 100 za usiku na 75 za kuruka kwa kutegemea vyombo. Saa za ukapteni kijana anazo za kutosha. Lakini viwanja vya hifadhini ni vya vumbi na changarawe, taa hakuna, na lazima uwe umetua kabla giza halijaingia. Hata akikaa miaka mitano zaidi, saa zitajaa kwenye logibuku, daftari lake la safari, na za usiku zitabaki zilezile chache. Kwenye Dash 8 atazipata akiwa msaidizi, na zinahesabiwa. Atajifunza pia kufanya kazi na mwenzake ndani ya chumba cha marubani, na kuamua mapema kama atatua au atageuza, asubuhi ile ukungu umeufunika uwanja wa Songwe, Mbeya.

Wanaosema abaki nawaelewa. Caravan inafundisha kuamua peke yako: uwanja mfupi, joto la mchana, hewa nyepesi ya nyanda za juu inayoifanya ndege itumie njia ndefu zaidi ya kurukia kabla ya kunyanyuka. Anayeondoka akiwa na saa 400 bado hajaiva, na huyo ningemwambia abaki bila kusita. Huyu wetu tayari amevuna alichokuja kuvuna. Kila saa anayoongeza sasa ni marudio ya ile ya jana.

Ninachokiogopa ni bondi, yaani mkataba wa kubaki na kampuni muda fulani kwa kuwa imekulipia mafunzo. Mimi nilisaini moja ya miaka mitatu, kampuni ikanilipia mafunzo ya aina mpya ya ndege, na sikusoma kifungu cha kurudisha gharama. Nafasi nzuri ilipokuja mwaka wa pili, deni lilikuwa zaidi ya akiba yangu yote. Nikaiacha ipite, na inaniuma hadi leo. Kwa hiyo kijana asome kila ukurasa: anafungwa muda gani, deni linapungua kila mwezi au linabaki zima mpaka siku ya mwisho, na kampuni yenyewe ikimwachisha kazi, nani analipa.

Jambo jingine ni foleni. Mashirika mengi makubwa hupanga marubani kwa tarehe ya kuingia. Ukihama unaanzia mkiani, hata uwe na saa 6,000, na ukapteni unausubiri upya. Umri wa mwisho kwenye safari za kimataifa za kibiashara zenye marubani wawili ni 65, kwa hiyo anayehama akiwa na miaka 27 na anayehama akiwa na 45 hawapotezi kitu kilekile.

Kuhusu mwajiri wake: aliyemwamini akiwa mchanga asiachwe katikati ya Agosti, Ruaha imejaa wageni. Ampe taarifa mapema, amalize msimu, amfundishe atakayekalia kiti chake.

Haya, marubani, wazazi, na ninyi wenye kampuni ndogo: je, mwajiri aliyekulea kazini ana haki ya kukudai muda gani kama hukusaini bondi yoyote?