Msaada wenu wakuu: betri gani inafaa kwa detekta ya mkononi ya getini?

Zamu_ya_Geti: Wakuu, habari za jioni. Detekta yetu ya chuma ya kukagulia watu mlangoni inatumia betri ya mraba ya volti 9. Inakata kabla ya adhuhuri, na Ijumaa ukumbini kuna shughuli kubwa. Nichukue ipi? Mimi naegemea za kuchaji.

FundiMita: Soma ganda la betri. Ikiandikwa 6F22 ni ya kaboni: umeme kidogo, na ikichoka inavuja. Tafuta 6LR61, yaani alkalini. Ina seli 6 za volti 1.5, uwezo kama mAh 500 (miliampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba). Nyingi za kuchaji za nikeli zina mAh 200 hivi.

Mchanga_Mwekundu: Kwa wale wa dhahabu huko Chunya na Geita, detekta nyingi za ardhini hula betri za AA. Nne za nikeli ni volti 4.8, si 6, kwa hiyo kipimo cha betri kitaonyesha imepungua hata kama zimejaa.

Mama_Ulinzi: Jamani, hapa tunazungumzia roho za watu. Betri dhaifu inaweza kupitisha kisu kimya kimya. Kila zamu ijaribu mashine kwa chuma kilekile, umbali uleule, kabla mlango haujafunguliwa.

Hesabu_Kwanza: Mimi naona hii imetungwa. mAh 500 kwa mashine inayokula miliampea 10 ni saa 50. Ili iishe kwa saa 5, lazima iwe inakula miliampea 100! Mleta uzi, humo ndani kuna betri gani sasa hivi?

Zamu_ya_Geti: Sijatunga, mkuu. Ni ya lithiamu, ya kuchajiwa kwa waya wa USB. Boksi zima nimeshalilipia nusu. Multimita inasoma 9 kamili, ila mara nyingine mashine inalia bila mtu. Lakini kununua alkalini kila mara ni gharama, bado naona hizi ni nafuu.

FundiMita: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Seli ya lithiamu ni volti 3.7, mbili ni 7.4. Ukiona 9 isiyoshuka, ndani kuna saketi ya kupandisha volti. Kelele zake za umeme zinaweza kuliza mashine ovyo. Pia inashikilia 9 mpaka seli zinakauka, kisha inakata ghafla, hivyo taa ya kuonya haipati nafasi ya kuwaka. Mara nyingi na mAh za kwenye ganda huwa zimezidishwa.

Hesabu_Kwanza: Sasa hesabu inakubali. Naondoa neno langu.

Zamu_ya_Geti: Mpini una tundu la chaja. Nikiweka alkalini nichaji humo?

FundiMita: Usithubutu! Gesi hujaa ndani, betri ikavuja au kupasuka. Tundu hilo ni la betri za nikeli tu. Ijumaa weka alkalini mpya, na ya akiba izibe vichwa kwa utepe. Ikigusana na funguo mfukoni inaweza kushika moto. Kaza na vibanio vya kifuniko cha betri. Vikilegea, mashine hukata hata betri ikiwa nzima.