Majirani wa Mtaa: habari za uwanja

Mama Achieng: Habari za jioni majirani. Kuna anayewajua wale vijana wawili waliokuwa uwanjani leo asubuhi na kile kifaa cha miguu mitatu? Nilikuwa napanga sukuma kibandani nikawaona wanapima kutoka kona ya choo mpaka kwa mtaro. Nikawauliza wametoka wapi. Mmoja akanijibu, "Tumetumwa tu, mama."

Baba Kevo: Hata mimi niliwaona nikitoka na boda. Wameacha bikoni mbili, zile alama za mipaka ya ploti, zina rangi nyekundu juu. Moja iko nyuma ya goli.

Bi Rehema: Subhanallah. Nyuma ya goli la watoto?

Baba Kevo: Ndiyo. Na juzi kwa redio walikuwa wanajadili serikali iuze ardhi ya ziada izibe pengo la bajeti. Pengine ndiyo haya. Na niseme ukweli wangu, msinikasirikie: mimi naona wauze. Mke wangu anakatwa 1.5% ya nyumba na 2.75% ya afya. Ushuru wa mafuta ulitoka 8% ukaenda 16% mwaka wa 2023, na mimi ndiye niko kwa pampu kila siku. Kama kuna ploti imekaa bure tangu enzi za mkoloni, si wauze hiyo wauache mfuko wangu?

Mama Achieng: Na Kevo atacheza wapi?

Baba Kevo: Sijasema uwanja wetu. Nimesema ardhi ya ziada.

Mzee Mutua: Wanangu, hamjambo. Baba Kevo, uchungu wako naujua, na hujakosea kuusema. Lakini hilo neno "ziada" ndilo linanitia wasiwasi. Nimechora ramani miaka 31. Kwenye karatasi uwanja wetu hauna hata jina, ni mstatili mweupe ulioandikwa nafasi wazi. Mtu akiutazama akiwa ofisini anaona hapana kitu. Hakuwepo hapa Aprili 2024.

Mama Achieng: Ile mvua! Maji yalijaa pale mpaka nusu ya goli haikuonekana. Kwangu yaliishia kizingitini. Yangekosa uwanja yangelala kwa nani?

Nyumba 14: Samahani kuwakatiza. Maji ya mfereji yamerudi?

Bi Rehema: Tangu saa kumi. Chota sasa hivi, presha inashuka.

Mzee Mutua: Niwaeleze ya kwetu Mwala. Mwaka wa 1997 baba aliugua, bili ya hospitali ikatushinda, tukauza ekari tatu za chini, zile za karibu na mto. Bili ililipwa, hilo sikatai. Mwaka uliofuata ikaja karo. Mwaka mwingine karo tena, na zile ekari tatu hazikuwepo. Leo ndugu yangu mdogo anakodi kipande cha shamba hilo hilo kila msimu apande mahindi. Mikonge ya mpakani aliyoipanda baba bado imesimama. Anaipita na jembe begani akienda kulima kwa kulipia. Ndiyo maana nikisikia serikali iuze ardhi ilipe mishahara na riba, naiona ile mikonge. Mishahara ni ya kila mwezi, riba ni ya kila mwaka. Shamba huliuzi mara mbili.

Ciku: Shikamoo Mzee. Ni Ciku wa Nyumba 9, niko Sacramento siku hizi. Huku ilitokea hivyo hivyo. Mwaka wa 2010 California ilikuwa na shimo kubwa la bajeti, gavana Schwarzenegger akataka kuuza ofisi za serikali, mali 11, kwa kama dola bilioni 2.3. Halafu serikali ipange humo humo miaka 20. Gavana aliyemfuata, Jerry Brown, alipoingia akaufuta mpango Februari 2011, maana ukipiga hesabu ya kodi yote ya pango, serikali ingelipa zaidi kuliko ilichopokea. Arizona wao waliuza kweli, Januari 2010, dola milioni 735, na majengo ya bunge la jimbo yalikuwemo, wakabaki humo kama wapangaji. 2012 gavana akawa anaomba pesa za kuyanunua tena.

Mzee Mutua: Marahaba binti yangu.

Baba Kevo: Ngoja. Walikuwa wanalipa kodi ya bunge lao wenyewe?

Ciku: Ndiyo, Baba Kevo.

Bi Rehema: Na hapa kwetu si kwamba afisa anaamka tu akauza. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya kimeeleza ardhi ya umma ni ipi. Sheria ya Ardhi ya 2012, sehemu ya 12, inataja njia za kuigawa: mnada wa hadhara, zabuni iliyotangazwa, kura ya bahati na kadhalika. Ile iliyotengewa elimu haigawiwi. Hata sheria ya ubinafsishaji ya 2023, iliyotaka kuuza mpaka KICC, jumba la mikutano la Nairobi, Mahakama Kuu iliitupa Septemba 2024 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vya kutosha.

Mama Achieng: Sheria iko Rehema, lakini Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoza machozi kwa kuusukuma ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao. Watoto na yunifomu zao. Mimi nililia.

Baba Kevo: Sawa, nimewasikia. Lakini mniambie pengo lizibwe na nini. 2024 tulikataa Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, shilingi bilioni 346 zikakosekana. Zisipotoka kwa ardhi zitatoka kwangu.

Mzee Mutua: Hilo ni swali la haki. Kwanza, ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 iliorodhesha ardhi za umma zilizonyakuliwa. Zirudishwe hizo kabla ya kugusa goli la mtoto. Pili, kama kweli kuna kipande ambacho serikali haikihitaji, na vipo, kama maghala yaliyofungwa, ipangishe kwa muda maalum kwa mnada wa wazi. Pesa ziingie kila mwaka, muda ukiisha ardhi irudi. Mnunuzi anajua serikali ina njaa, naye atataja bei ya njaa. Mpangaji akikushinda bei, angalau ardhi bado ni yako.

Baba Kevo: Kupangisha naweza kukubali.

Bi Rehema: Baba Kevo, bikoni huwa na namba. Ikijulikana namba, mimi kesho niko mjini, nitapita Ardhi House, kwa wizara ya ardhi, kuulizia rekodi.

Baba Kevo: Natoka sasa hivi, nina tochi ya simu.

Mama Achieng: Enda na Kevo, kuna giza pale kwa mtaro.

Baba Kevo: Tumefika. [Picha] Namba imeandikwa na kalamu, mvua ikinyesha itafutika. Nimepiga mara tatu.

Mzee Mutua: Piga na ile nyingine. Kevo asimame hapo hapo kwa bikoni, goli lionekane nyuma yake.

Baba Kevo: [Picha]