Jani la mkungu limenishinda, hereni zinatoka kama bendera

uzi_mmoja
Wakuu, naombeni macho yenu. Mti wa mkungu ulio mlangoni kwangu unapukutisha majani, na kila asubuhi nikifagia kuna moja au mawili nashindwa kuyatupa. La juzi lilikuwa jekundu karibu lote, manjano kando ya mshipa wa kati, na kijani kidogo tu pale kwenye kikonyo, kama kipande kilichosahau kuiva. Nikasema hili lazima liwe hereni ya shanga.

Nimefumua mara tatu. Shanga namba 11 (zile ndogo ndogo), uzi wa nailoni, mshono ule ambao shanga hukaa kama matofali ukutani. Umbo limekubali, limepanuka kuelekea nchani vizuri kabisa. Rangi ndizo zimegoma: mistari sita kijani, sita manjano, sita nyekundu. Mwanangu kaitazama, kauliza ni bendera ya nchi gani. Nikaongeza rangi ya chungwa katikati, sasa ni bendera ya rangi nne. Nakosea wapi?

Bi_Sindano
Mwanao ana jicho, usimkasirikie 😄 Umebadilisha rangi kwa mstari mzima, na jani haliivi kwa mstari. Usinunue rangi nyingine, changanya hizo hizo. Manjano ikikaribia kwisha, dokeza nyekundu: moja kwa manjano tatu, mistari miwili mbele mbili kwa mbili, kisha tatu kwa moja. Ila usizipange kwa zamu, utapata ubao wa drafti. Mimi humimina rangi zote mbili kwenye kisosi kimoja, nachota kwa ncha ya sindano bila kuchagua. Mkono wa fundi hupenda usawa hata ukiukataza, kisosi hakijali.

Na hizo shanga zote zinang'aa? Jani lililoanguka halimetameti kila mahali. Chomekea zisizong'aa kwenye nyekundu uone.

fundi_wa_jioni
Nakubaliana na Bi, naongeza la uzi. Kama shanga zako zinapitisha mwanga, rangi ya uzi inaonekana kwa ndani. Uzi mweupe utaifanya nyekundu yako iwe ya peremende. Jaribu wa kahawia.

Halafu ijaribu hiyo nyekundu kabla hujamaliza. Kuna shanga zilizopakwa rangi kwa juu tu. Chovya tano sita kwenye dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ziache kidogo, kisha zisugue kwenye kitambaa cheupe. Niliwahi kumpa dada yangu kidani cha zambarau bila kujaribu, akashinda nacho juani. Jioni shingo ilikuwa zambarau na kidani kimepauka. Hadi leo nikimpa zawadi ananusa kwanza.

uzi_mmoja
Uzi ni mweupe, nimekamatwa. Nina picha ya lile jani kwenye simu, nifuate hiyo? Lenyewe limeshakuwa kahawia tupu.

Bi_Sindano
Picha achana nayo, simu huikoleza nyekundu inavyotaka. Okota jingine kesho, kaa dirishani, mwaga shanga juu ya jani lenyewe. Zile zinazopotea machoni ndizo zako. Fanya siku hiyo hiyo, jani halingoji.

uzi_mmoja
Mrejesho: hereni moja imekamilika. Uzi wa kahawia, kisosi kimoja, theluthi ya nyekundu haing'ai. Niliyoidhani manjano, juu ya jani ilikuwa inapiga kelele. Iliyopotea ni ile ya haradali niliyokuwa naidharau. Nyekundu imefaulu mtihani wa dawa ya kucha, chungwa imefeli, nimeitoa.

Mwanangu kapita tena. La bendera hakulitaja. Kauliza tu kwa nini nimeweka shanga mbili nyeusi pembeni, nikamwonyesha jani: mdudu alitoboa hapo hapo.