Pikipiki ya kroskantri haivuti Mbeya: kusafisha kabureta, kununua mpya au kufungua injini?

Mtoto wa Uyole: Wakuu, habari za leo. Nina pikipiki ya kroskantri, cc 125, ya kabureta. Dar ilikuwa inakimbia vizuri. Tangu niilete huku, asubuhi inasumbua kuwaka, nikivuta resi yote inabwabwaja na kutoa moshi mweusi. Mlima wa kwenda Isyonje ni gia ya pili mpaka juu. Plagi ina masizi meusi, makavu. Mafundi wamegawanyika: mmoja anataka tusafishe kabureta na kubadili jeti (kile kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta), mwingine ninunue kabureta mpya ya kopi, wa tatu anataka kushusha injini aweke ringi mpya za pistoni. Nianze wapi?

Fundi Mafinga: Injini usiguse, mkuu. Ringi zikichoka plagi inalowa oili na moshi unakuwa wa bluu. Masizi makavu ni petroli nyingi kuliko hewa. Mbeya ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa umepungua karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar, na jeti yako bado ni ya Dar. Fungua kichujio cha hewa kwanza, vumbi la huku linakiziba haraka. Kisha shusha sindano ya kabureta, inayopima petroli resi ikiwa ya kati: klipu yake ipandishe mkato mmoja juu. Ikibwabwaja bado resi ikiwa imefunguka yote, hapo ndipo jeti kubwa, ile ya resi ya juu, inapunguzwa namba ili petroli ipungue.

Spea Mwanjelwa: Mimi natetea kabureta mpya, ila kwa sharti. Kama slaidi (kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta ukivuta resi) imelika na inacheza kwenye nyumba yake, utabadilisha jeti mpaka uchoke na sailensa, yaani mlio wa injini bila resi, haitatulia. Kama slaidi ni nzima, kopi ni kutupa hela, maana nayo inakuja na jeti isiyopimwa kwa injini yako.

Dada wa Makete: Kaka, kabla ya kununua chochote vuta choki kidogo injini ikiwa ya moto. Ikizidi kukosa nguvu, petroli imezidi kweli. Ikichangamka, basi petroli haitoshi, huenda jeti ndogo, ile ya resi ya chini, imezibwa na uchafu. Na hiyo jeti usiitoboe kwa waya wa chuma jamani! Tundu likipanuka halirudi. Tumia dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Kwa hilo la kuwaka kwa shida ningepima pia tapeti, yaani nafasi ya valvu, injini ikiwa ya baridi, kwa kipimo cha kwenye kitabu chake.

Mtoto wa Uyole: Asanteni sana. Kichujio kilikuwa kimeganda vumbi, nimekiosha na kukipaka oili. Choki ilizidi kuikaba. Klipu nimepandisha mkato mmoja, moshi umepungua sana, ila resi ya mwisho bado nzito. Nataka kupunguza jeti kubwa. Shida ni kwamba nashuka sana Kyela.

Fundi Mafinga: Punguza namba moja tu, usikimbilie mbili. Kyela iko chini sana, karibu mita 500, hewa ni nzito, na jeti iliyopunguzwa namba kule inaweza kukunyima petroli na injini ikachemka. Ile ya zamani kaa nayo kwenye mfuko wa spana. Ukifika Kyela fungua plagi: ikiwa ya kahawia endelea, ikiwa nyeupe irudishe ile jeti ya zamani hapohapo kabla hujapanda Tukuyu.