Binti wa miaka 12 amepoa ghafla, bweni gani zuri?

MzaziTabata: Wakuu, naombeni ushauri. Binti yangu yupo darasa la sita. Mpaka la nne alikuwa akirudi anasimulia hadi unamnyamazisha. Siku hizi ukimuuliza shule, "kawaida tu". Mwalimu anasema anasinzia darasani. Bweni gani zuri Pwani au Morogoro?

Mwalimu_Chanika: Bweni subiri. Kuanzia miaka 10 hivi, kuridhika kwa watoto wengi na maisha yao huanza kupungua, wasichana zaidi. Mwili unabadilika, anajipima kwa wenzake, neno la rafiki linamchoma kuliko lako. Analala saa ngapi?

MzaziTabata: Saa 3 usiku. Anaamka saa 10 na nusu, gari la shule linapita saa 11.

Nesi_Temeke: Dada, hedhi ameanza? Tazama viganja na ndani ya kope. Vikipauka, apimwe wingi wa damu, maana upungufu wa damu humfanya mtoto apoe hivyo hivyo.

KakaMkubwa: Simu hizo. Nyang'anya, malezi yamelegea.

Mwalimu_Chanika: Ukinyang'anya ghafla unamkata na marafiki pia. Simu zilale sebuleni kuanzia saa 2, na yako humo humo. Ila dada, mbona bweni limekukaa hivyo?

MzaziTabata: Nimeshalipa nusu ya ada, anahamia Januari. Hajui bado. Mnielewe, kule kuna nidhamu.

Mpekuzi: Uzi wa kutunga huu. Unauliza bweni gani na umeshalipa? Na wa kulala saa 3 asinzie kila siku?

MzaziTabata: Nilitaka mtu alitaje bweni hilo hilo nililolipia, nipate amani. Saa 3 anapanda kitandani. Tochi ndani ya chandarua inazimika saa 5, anamalizia kazi za tuisheni.

Mwalimu_Chanika: Basi analala masaa 5 na nusu, na umri wake unataka 9 mpaka 12. Balehe nayo inausogeza usingizi mbele, kwa hiyo kumwamuru tu "kalale" hakutoshi. Punguza tuisheni siku mbili, kazi ziishe kabla ya saa 2, uone wiki mbili. Na bweni mwambie kabla hajaliona sanduku, umpeleke akapaone.

Nesi_Temeke: Akiwa na huzuni karibu kila siku kwa wiki mbili, ameacha alivyopenda, mpeleke hospitali. Akisema bora asingekuwepo, usisubiri hata siku moja. Muulize wazi kama anawaza kujidhuru, kumuuliza hakumpandikizii wazo. Namba ya watoto ni 116, bure.

MzaziTabata: Tuisheni ya Jumanne na Alhamisi nimeifuta. Ada bado sijaomba nirudishiwe. Bweni namwambia Jumamosi, nikiwa namsuka.