Faili la mwanangu lina cheti cha kifo cha bibi wa watu, NIMECHOKA!

Wakuu habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe nikipitiliza. Majina ya shule, chuo na ofisi siyataji, maana mtoto bado anawahitaji hao hao.

Mimi ni mjane, nauza dagaa pale Kirumba, Mwanza. Kijana wangu wa pili kamaliza kidato cha sita, kafaulu vizuri, chuo kapata. Nikasema Mungu si Athumani. Ada siiwezi, lakini si kuna mkopo wa serikali wa wanafunzi wa chuo? Mtoto wa mjane, baba hayupo, mama anauza dagaa kwa kopo. Kama huyu hapati, nani apate?

Loh.

Dirisha la maombi lilipofunguliwa tukaenda steshenari. Ukiacha ile 30,000 ya maombi unayolipia kwa namba ya malipo, kijana wa kukujazia naye anataka yake. Sawa, nikatoa. Cheti cha kuzaliwa kikapelekwa RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, kuhakikiwa, kikarudi safi. Nikajua shughuli imeisha. Kumbe cheti cha kuzaliwa kinasema Yohana, cha kidato cha nne kinasema Johana.

Hiyo J sikuiandika mimi. Iliandikwa na mwalimu shule ya msingi alipokuwa anaorodhesha watoto wa darasa la saba, na tangu siku hiyo imemfuata mtoto hadi leo ana ndevu. Wakili wa kwanza akaniambia kiapo kinatosha, 20,000. Nikalipa. Nikapiga simu dawati la msaada la hao wa mikopo, nikaambiwa hapana mama, inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Nikapiga tena kesho yake, akapokea mwingine, akasema kiapo kinatosha. Nikauliza nimsikilize nani kati yenu? Simu ikakatika.

Hapo bado sijafika kwenye cheti cha kifo.

Baba yao alifariki 2014 kijijini, upande wa Sengerema. Tulizika, tukamaliza matanga, tukarudi mjini. Jamani, nani akiwa msibani anakumbuka cheti? Lakini bila hicho cheti mtoto si yatima, hata kama kaburi analipalilia kila Desemba. Nikaenda kijijini. Mtendaji yuko kwenye kikao wilayani. Nikamwomba mwenyekiti basi anigongee yeye, akaniambia muhuri upo kabatini na ufunguo kaondoka nao mtendaji. Tukalitazama kabati mimi na yeye. Nikarudi Mwanza na nauli yangu imekwenda bure. Safari ya pili ndiyo nikapata barua, mashahidi wakasaini, nikaenda wilayani nikasubiri, cheti kikatoka. Angalau siku hizi tunapita darajani, ingekuwa enzi za pantoni ningelala Kigongo kivukoni.

Juu ya hapo weka picha ya mdhamini na kitambulisho chake cha NIDA, sahihi ya serikali ya mtaa, muhuri wa kamishna wa viapo. Kila muhuri una bei yake, na hakuna anayekupa risiti.

Tukarudi steshenari wiki ya mwisho. Watu wamejaa hadi barazani, mtandao unazunguka tu, kila mzazi kashika bahasha ya kaki. Yule kijana anaskani karatasi za watu sita kwa mpigo. Saa mbili usiku akaniambia, "Tayari mama, imepanda."

Awamu ya kwanza ya waliopata mkopo ikatoka, jina hakuna. Ya pili, hakuna. Ya tatu, hakuna. Mpwa wangu ndiye aliyefungua akaunti kwenye simu yake akaanza kupitia viambatisho kimoja kimoja. Akanyamaza. Akaniuliza, "Mama mdogo, baba mdogo alifariki akiwa na miaka 81?"

Wakuu, kwenye faili la mwanangu kuna cheti cha kifo cha bibi mmoja wa Magu. Jinsia KE, umri 81. Sina undugu naye. Mungu amrehemu, lakini hakumzaa mwanangu na hakuwa mume wangu. Nilikaa juu ya ndoo nikacheka mpaka jirani wa kizimba cha pili akaja kuniangalia.

Nikamfuata kijana wa steshenari. "Mama, siku ile si uliiona foleni?" Halafu akaniahidi mwakani atanijazia bure. MWAKANI.

Dawati la msaada nalo, baada ya siku mbili za kupiga bila kupokelewa: "Mama, mfumo unaonyesha nyaraka zako zimekamilika." Nikamwambia, dada yangu, zimekamilika vipi wakati marehemu si wangu? Akarudia vile vile, zimekamilika. Yaani mfumo unahesabu kama karatasi ipo, haujali ni ya nani. Ila Yohana na Johana unaona! Herufi moja unaiona, bibi mzima wa miaka 81 anapita.

Na najua kuna watakaokuja hapa na "ungekagua mwenyewe kabla ya kutuma". Nilikagua. Nimeishia darasa la saba, skrini imegeukia kwake, nikaona karatasi ina nembo na muhuri nikashukuru. Mlitaka nifanye nini zaidi, nipande juu ya meza?

Sasa chuo kimefunguliwa. Dirisha la kusajiliwa lina tarehe yake, na bila kulipa sehemu ya ada hakuna usajili. Bila usajili, hata huo mkopo ukitoka kwa rufaa hela haziingii, maana anatakiwa awe mwanafunzi aliyesajiliwa ndipo asaini. Nimeenda dawati la mikopo la chuo kuwaeleza, wakaniambia nirudi mfumo ukishasoma. Nikawaambia basi msajilini kwanza. Wakasema hiyo ni idara ya fedha. Idara ya fedha wakasema hiyo ni ya dawati la mikopo. Milango miwili inatazamana, korido moja, nimevuka mara nne.

Nimeuza friza langu. Ndilo lililolipa awamu ya kwanza ya ada, na dagaa wabichi siweki tena. Kijana anabebwa hosteli, analala kitanda kimoja na mwenzake wa Bunda, miguu huku kichwa kule. Wenzake wanapata 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, yeye namtumia ninachopata jioni. Kuna siku natuma 3,000 na ya kutolea.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Mtoto wa dada yangu alisoma kwa mkopo, sasa kaajiriwa. Asilimia 15 ya mshahara wake inakatwa kila mwezi. Haijawahi kuchelewa. Haijawahi kukatwa kwa Johana badala ya Yohana. Kwa hiyo mifumo ya kufanya kazi ipo, tena inajua majina vizuri sana.

Naomba mwenye uzoefu anisaidie mawili. Kwanza, wakati wa rufaa kiambatisho cha zamani kinafutika au kipya kinakaa juu yake, maana naogopa nitaonekana nimefiwa na watu wawili. Pili, kwa walioshughulikia jina, mliishia kwenye kiapo au hati?

Na kama kuna mzazi humu aliyejazia mwanawe pale Kirumba wiki ile ya mwisho, mwenye bibi wa Magu aliyefariki na miaka 81, tafadhali fungua akaunti ya mtoto uangalie. Ukikuta cheti cha mwanaume wa Sengerema, ni wa kwangu. Nitafute inboksi.