Ushauri: natengeneza vazi la Kratos mwenyewe nyumbani, nipo Moshi

Kijana wa Pasua
Habari za jioni wakuu. Mwezi ujao banda la gemu tunalochezea hapa mtaani linafanya shindano, na safari hii kuna zawadi ya vazi bora la mhusika. Nimeamua kuwa Kratos, yule wa gemu ya God of War ya 2018, mwenye ndevu na shoka. Nampenda huyu mzee kuliko mhusika yeyote, sitaki kumfanya nusunusu. Bajeti yangu elfu hamsini. Cherehani ya mama ipo, kushona kwa kawaida naweza.

Nimekwama hapa: ngao ya bega nilifikiria boksi, itafaa? Shoka nalo nilitengenezeje lisiwe zito? La tatu ndilo linaninyima usingizi. Kratos ni mweupe kama majivu, mimi mweusi tii. Jamaa kaniambia nijipake chokaa mwili mzima.

Sindano na Uzi
Mdogo wangu, chokaa hapana kabisa! Ikikutana na jasho inachoma ngozi, ikiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja. Rangi ya ukuta nayo usiiguse.

Na kwa nini ujifanye mweupe? Ule weupe wa Kratos ni majivu ya mkewe na binti yake, ni laana aliyobandikwa, siyo rangi yake ya kuzaliwa. Sauti yake kwenye hiyo ya 2018 ni ya Christopher Judge, Mmarekani mweusi, na kabla yake alikuwa Terrence C. Carson, mweusi pia. Baki na ngozi yako. Kinachomtambulisha Kratos ni ule mchoro mwekundu unaopita jicho la kushoto na kushuka bega la kushoto. Huo upatie vizuri, hakuna atakayeuliza wewe ni nani. Tumia rangi ya uso ya maji, wanayopakwa watoto kwenye sherehe, na ijaribu mkononi siku moja kabla uone kama inakuwasha.

Ndevu zako kama hazijajaa, nunua nywele za bandia za kipilipili, ubandike kwa gundi ya kope.

Fundi Kijenge
Dogo, nipo Arusha, kazi hizi nazifanya. Boksi achana nalo kwenye bega. Ukiinua mkono linavunjika, na mkunjo wa boksi haufichiki hata upake rangi gani. Tafuta sponji ngumu, ile ya mikeka ya watoto ya kuunganisha yenye herufi na namba, au mkeka wa mazoezi wa mtumba. Milimita 10 zinatosha kwa bega, nyembamba zaidi kwa mapambo ya juu.

Kipimo usibahatishe. Vaa fulana ya zamani, mtu akuzungushie nailoni begani, kisha abandike tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, mpaka pafunikwe pote. Chora ngao juu ya hiyo tepu ukiwa umesimama, halafu inua mkono. Utasikia inapokwamia, shingoni na kwapani, hapo punguza. Kabla hujakata, weka vistari vya kukatiza kwenye kila mstari, ndivyo vitakavyokuonyesha kipande kipi kinakutana na kipi. Kata taratibu kwa mkasi, laza mezani. Patani hiyo ni ya mwili wako, siyo ya mtu wa kwenye intaneti.

Wembe uwe mpya, butu unachana sponji. Gundi chukua ya mafundi viatu: paka pande zote mbili, subiri mpaka ukigusa isinate kidoleni, ndipo ukutanishe. Wengi wanakutanisha ikiwa mbichi, kiungo kinaachia. Supaglu inakauka ngumu, ukiipinda inapasuka.

Shoka nalo ni sponji hiyohiyo, na michoro yake ndiyo raha yenyewe. Chora kwa kalamu, pitisha wembe juujuu bila kutoboa, kisha pasha moto. Mstari unafunguka wenyewe mbele ya macho yako, unakuwa mfereji. Ukimaliza, pitisha gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, mara tatu, kila mara ikauke kwanza, maana sponji inakunywa rangi. Halafu nyeusi kote, na rangi ya fedha uisugue kwa kitambaa kikavu kwenye kingo tu. Inageuka chuma.

Mzee wa Pedi
Kama huna mashine ya kupuliza hewa ya moto, pasha juu ya jiko la mkaa. Inafanya kazi.

Fundi Kijenge
Inafanya, mkuu, ila nje, sponji uishike juu, mbali na moto, na gundi iwe imefungwa mbali. Mvuke wa gundi ya viatu unashika moto. Hata kuipaka, pakia kibarazani, siyo chumbani. Draya kali ya saluni inatosha kupinda bega: lainisha, lifunge juu ya goti, shikilia mpaka lipoe.

Mama Kiborloni
Manyoya na mikanda njoo Kiborloni kwenye mitumba, makoti ya baridi yenye manyoya shingoni hayakosekani. Vipande vya ngozi ya sofa waombe mafundi sofa, mara nyingi wanatupa. Ukivisugua na dawa ya viatu ya kahawia vinaonekana vya zamani.

Kijana wa Pasua
Asanteni sana, mmenifungua macho. Chokaa nimeacha, napaka mchoro tu. Swali la mwisho: mpini nautoa wapi, na nitapandaje daladala na shoka?

Fundi Kijenge
Mpini ni bomba la plastiki la maji la nusu inchi, livishe sponji. Likate katikati, ndani ingiza kijiti cha mbao kinachobana, upande mmoja gundi, mwingine uache utoke. Funika kiungo kwa kamba ya ngozi. Njiani unalibeba vipande viwili ndani ya kiroba, kichwa kimefungwa kabisa. Unaliunganisha ukishafika.